Kanayuq Alivyonyoa Paa la Shimo Lake

"Shimo langu litakuwa na barafu hata siku kuzimu watakapoishiwa kuni!"

Hayo aliyasema Kanayuq kwenye kipaza sauti, mbele ya kijiji kizima, katika sherehe ya nyangumi ya mwezi wa Juni. Hakuna aliyemwomba aseme. Kipaza sauti kilikuwa kinamsubiri mchungaji aje kuombea chakula, na mzee Kanayuq kupita karibu na kipaza sauti ni sawa na mbwa wa sleji kupita karibu na kichwa cha samaki. Akakidaka.

"Na siku likidondosha tone la maji, tone moja tu, mje mnifungie humohumo, mnile Krismasi!"

Watu wakacheka midomo imejaa maktak, ile ngozi ya nyangumi na shahamu yake. Lottie, mdogo wa marehemu mkewe, alikuwa amekaa mbele kabisa na kisu chake mkononi. Naye hajawahi kuacha neno lianguke chini.

"Nani akule wewe, shemeji? Mifupa mitupu na maneno! Hata mbwa wangu watakurudisha!"

Mchungaji akaja, akaomba, watu wakala. Ila lile tone likabaki hewani, limening'inia, linasubiri zamu yake.

Kanayuq ni jina la samaki, yule wa pwani mwenye mdomo mkubwa kuliko tumbo, anayemeza ndoano hata isipokuwa na chambo. Bibi yake alimpa jina hilo akiwa na umri wa siku tatu, baada ya kumsikiliza akilia. Kanisani ameandikwa Ferdinand, lakini jina hilo hulitumia serikali tu, na serikali ikikuita huku kaskazini ya Alaska ujue kuna fomu hukujaza.

Shimo lenyewe alilichimba babu yake kwa sululu, miaka miwili mizima, futi kumi na mbili kwenda chini, ndani ya ardhi ambayo ilikuwa haijayeyuka tangu dunia iwe dunia. Juu kuna tuta na mlango wa mbao wenye ukubwa wa meza ya jikoni. Unaufunua, unashuka ngazi, unafika kwenye chumba ambacho kuta zake zimeota maua ya barafu. Humo hulala nyama ya nyumba tano. Na humo hulala mkia wa nyangumi, ambao hauliwi ovyo. Huwekwa mpaka Siku ya Shukrani, mwezi wa Novemba, ukatwe kanisani kila mtu apate, hata yule ambaye mwaka mzima hakugusa kamba ya kumvuta nyangumi. Mwaka huo nyangumi alikuja kwenye mashua ya Wendell, mpwa wa Kanayuq, na Wendell alimkabidhi mjomba wake mkia ule mbele ya watu. Kanayuq aliupokea kama mtu anayekabidhiwa bibi harusi.

Sasa kulikuwa na sheria ya nyumba, iliyowekwa na Mamie, mkewe: mlango wa shimo haufunguliwi kwa mtu ambaye hajanywa chai. Mamie alifariki miaka minne iliyopita, sheria ikabaki. Ukitaka nyama yako mwenyewe, unakaa kwanza, unapewa kikombe, unasikiliza habari za dubu ambaye kila mwaka anazidi kurefuka. Watu walilalamika. Walisema kwa Kanayuq unakwenda kuchukua kilo mbili za nyama unarudi na kilo kumi za hadithi. Lakini walikuja, maana nyama ilikuwa ndani.

Naye alilijua hilo. Hakuwa mjinga, alikuwa na mdomo tu, na hayo ni maradhi mawili tofauti. Alijua kwamba tangu Mamie aondoke hakuna aliyebisha hodi kwa ajili yake. Bintiye yuko Anchorage, hupiga simu kila Jumapili, ingawa Jumapili nyingine hupotea njiani. Wenzake aliokua nao wengi wamelala makaburini nyuma ya uwanja wa ndege. Shimo likifa, mlango wake utabishwa hodi na upepo peke yake. Kwa hiyo yule mzee hakuwa akilinda nyama. Alikuwa akilinda vikombe vya chai.

Kila Aprili, kabla mashua hazijatoka kwenda barafuni, shimo husafishwa. Unachokora damu iliyoganda, unaikwangua sakafu, unatoa theluji ya mwaka jana, unamwaga theluji mpya iwe nyeupe kama shuka ya mgeni. Wazee walisema nyangumi akiwa huko baharini hutazama ni nyumba ya nani safi, na huyo ndiye anayemwendea. Ndani ilikuwa kazi ya Kanayuq, na katika usafi wa ndani hakuwa na mshindani. Nje ilikuwa ya Mamie. Kila msimu wa baridi ukikaribia alitoka na ndoo yake ya bluu kwenda kuokota vigoga, yale majani mafupi ya tundra, nyika ya baridi isiyoota miti, laini kama sponji, akaja kuyashindilia juu ya tuta, akiziba penye upara kama mtu anayetia viraka godoro. Hakuwahi kumweleza mumewe sababu. Au alimweleza, na wakati huo mumewe alikuwa anaongea.

Mamie alipofariki, tuta likajiotea lenyewe. Vigoga, nyasi, matunda pori, mfupa mmoja wa mbwa asiyejulikana. Basi Septemba iliyotangulia ile sherehe, Lottie akaja kuchukua nyama, akasimama pale mlangoni mikono kiunoni.

"Shemeji, huku ndani umesafisha mpaka natamani kulala. Lakini huku nje! Nyangumi akiona hizi nywele si atadhani mwenye nyumba kafa?"

"Nyangumi haangalii nje."

"Wewe umemuuliza?"

Maneno hayo yakamwingia. Usiku kucha yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kulipokucha akachukua sepetu, akanyoa tuta lote. Hakuacha hata unywele. Vigoga vya miaka sitini akavirundika pembeni, mbwa wakavitawanya. Halafu akafagia kwa ufagio wa ndani. Udongo mweusi ukabaki, laini, unang'aa, kama kichwa cha mwanajeshi siku ya kwanza kambini. Akarudi ndani, akashika redio ya jikoni, ile ya kuongelea inayowaka kutwa katika kila nyumba kijijini, akawatangazia watu waje waone. Wakaja watatu. Wakanywa chai. Akafurahi wiki nzima.

Na Mei nyangumi akaja kwa Wendell! Kuna ushahidi gani tena? Ndipo Juni yakasemwa yale ya kuni za kuzimu.

Majira ya joto Kanayuq hufanya kazi ya kulinda watu dhidi ya dubu. Mtu wake ni Marit, binti mtafiti anayetoka Minnesota kila mwaka na masanduku ya plastiki angavu. Marit huliweka sanduku juu ya tundra, analifunga vizuri, anaunganisha mrija na mashine, kisha anaandika ni kiasi gani cha hewa ardhi imevuta na kiasi gani imetoa. Kanayuq hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bunduki mapajani, anatazama upeo wa macho. Katika miaka mitano ameona dubu watatu, na wawili kati yao, wakati walipokaribia, walikuwa na pembe.

"Leo anapumuaje mgonjwa wako?" humuuliza.

"Asubuhi alikuwa anakula. Wingu lilipokuja, akaanza kutoa."

Mwaka wa kwanza Marit alimweleza mambo yote, na Kanayuq ameyasimulia jikoni kwake mara nyingi hata yamekuwa ya kwake. Kwamba mimea hula hewa ya ukaa wakati wa jua. Kwamba mahali pengine mmea ukifa unaoza, na ile hewa inarudi angani, hesabu inaisha. Lakini huku baridi huuwahi. Jani linakufa, linafunikwa na jingine, mzizi juu ya mzizi, miaka elfu juu ya elfu, vyote vimeganda na ukaa tumboni.

"Tundra nzima ni shimo kama lako, mzee," Marit alisema. "Tofauti yake, nyama iliyomo ni majani."

"Na likiyeyuka?"

"Vijidudu vinaamka na njaa. Vinakula akiba, vinapumua. Penye maji mengi vinatoa gesi ya methani, na hiyo ni kali zaidi. Hewa hiyo inapasha joto anga, anga inayeyusha ardhi zaidi. Miaka mingi tundra ilikuwa inaweka akiba zaidi kuliko inavyotumia. Siku hizi hata Oktoba, jua limekwisha kutukimbia, mashine inaniambia ardhi bado inatoa."

"Ni nani aliyeacha mlango wazi?"

"Sisi sote. Moshi wa kwetu. Mafuta yanayochimbwa huku kwenu. Hata matairi yenu, yakikanyaga vigoga, chini panabaki uchi."

Kanayuq akaitazama pikipiki yake ya magurudumu manne. Pikipiki ikatazama pembeni. Akaisikitikia tundra kwa dhati, kama unavyomsikitikia mtoto wa jirani aliyefeli mtihani. Shimo lake halikumjia akilini hata kidogo.

Marit ana kifimbo cha chuma, chembamba, kina alama za vipimo. Unakichomeka ardhini mpaka kigonge barafu. Tok. Unasoma alama. Chini ya vigoga Julai hiyo kilikuwa kinagonga kwenye kina cha nusu muundi. Kwenye njia ya pikipiki kilikuwa kinafika goti.

"Twende siku moja tukapime kwako," Marit alisema.

"Kwangu? Unamchoma mgeni wangu nyangumi kijiti cha tumbo?"

"Karibu na mlango tu."

"Binti, pima pale penye mashaka. Kwangu hapana mashaka."

Lakini mtu akilikanusha jambo kwa haraka hivyo, ujue limeshamgusa. Mchana Marit alipokuwa kwenye hema lake anakula mkate, Kanayuq akaazima kile kifimbo, akasema anataka kumtisha nacho mbwa. Akaenda kwake. Akaanzia pembeni, kwenye kipande kidogo ambacho sepetu haikukifikia. Tok. Nusu muundi. Akatabasamu. Akasogea juu ya tuta, pale alipofagia kwa mkono wake, akasukuma.

Kikaingia. Kikapita muundi. Kikapita goti. Akangoja ule mlio. Kikapita paja, taratibu, bila kubishana, mpaka ngumi yake ikagusa udongo, nao udongo ulikuwa wa uvuguvugu kama mkate uliotoka kuepuliwa. Akakichomoa, akachomeka hatua moja kulia. Halafu kushoto. Alichomeka mara tisa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wamehama.

Akafunua mbao, akashuka. Hata kabla hajafika chini, tone likamwangukia shingoni. Moja. Maua ya barafu hayakuwepo tena, kuta zilikuwa zinatoka jasho. Mkia wa nyangumi ulikuwa mgumu ndani, lakini pembezoni ulikubali kidole gumba. Kulikuwa na harufu, si kubwa, harufu ya kitu kinachoanza kufikiria kuoza. Akakaa kwenye ngazi, mdomo umefunga. Kama Lottie angekuwepo angeomba apige picha.

Angetangaza siku hiyohiyo, nyama yote ingepona. Hakutangaza. Siku kumi na moja alificha. Waliokuja aliwapa chai, akawaambia mlango umevimba haufunguki. Wengine aliwaambia ufunguo umepotea, na mlango ule tangu enzi za babu haujawahi kuwa na kufuli. Aliwapa samaki mkavu wa kwake, wakaenda. Wakishaenda alichukua ndoo ya bluu ya Mamie akaenda mbali, hadi magoti yakalia, kuokota vigoga. Akavipanga juu ya tuta, kimoja kimoja, akavimwagia maji. Baada ya siku nne vilikuwa vimekauka na kujikunja, vimekaa pale kama nywele za bandia kwenye kichwa cha mtu asiyezipenda.

Siku ya kumi alimwambia Marit. Alimwambia akiwa juu ya ndoo yake, macho kwenye upeo.

"Nilinyoa."

"Ulinyoa nini?"

"Paa. La shimo. Septemba."

Marit akaacha kuandika. "Lote?"

"Nikafagia."

Mashine ikawa inahesabu pumzi za ardhi, tik, tik.

"Nimerudisha vigoga," akasema Kanayuq. "Vitashika lini?"

"Vikipenda, vinakuja. Lakini viwe unene ule wa mwanzo… miaka thelathini. Labda zaidi."

"Nina sabini na moja."

"Najua, mzee."

"Niambie cha mwaka huu."

"Mwaka huu toa nyama. Leo."

Alitoa kesho yake. Saa nne asubuhi, saa ambayo kila jiko linakoroga kahawa na kila redio imefunguliwa, akabonyeza kitufe. Akasema:

"Hapa Kanayuq. Shimo linavuja. Njooni mchukue vyenu. Ni mimi nilinyoa juu. Kwisha."

Ikajibu sauti ya Lottie, kavu:

"Tone moja au mawili, shemeji?"

"Si matone. Ni bomba."

"Basi hatukuli. Umeshalowa. Tunakuja."

Wakaja wote. Nyumba zote tano na za jirani, na matrela, na turubai, na maboksi. Wakapanga mstari kuanzia ngazi hadi barabarani, nyama ikapita mkono kwa mkono. Wendell alishuka mwenyewe kutafuta mkia, akatoka nao begani, uso hausomeki.

"Mjomba, mkia utapona. Nimeongea na shule, watatupa nafasi kwenye friza ya jikoni. Pembeni patakatwa." Akashusha pumzi. "Ila mbavu za chini basi tena. Hizo za mbwa."

"Ungekuja lini ungezipata nzima?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilisema mlango umevimba."

"Nilisikia, mjomba. Nikayameza na chai."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu, ugomvi nao ni mazungumzo.

Lottie alisimama juu ya tuta muda mrefu, akigeuza kigoga kikavu kwa ncha ya kiatu.

"Dada aliniambia," akasema. "Aliniambia hili ni blanketi. Nami nikaja hapa nikakwambia unyoe."

"Hukuniambia ninyoe. Uliniambia nina nywele."

"Si ndiyo hayohayo kwa mtu kama wewe?"

"Ndiyo hayohayo."

Sheria ya Mamie siku hiyo ilifuatwa na watu arobaini. Walikunywa wamesimama, wamekaa sakafuni, wamekaa kitandani kwa mzee. Vikombe vikaisha, wakanywea mabakuli. Watu walisimulia dubu wao wenyewe, hata Kanayuq akakosa nafasi ya kumwingiza wa kwake, na alifurahi kukosa. Saa nane majani ya chai yakaisha. Saa nane na nusu trela la mwisho likaondoka. Vyombo vile alivikalisha kwenye beseni siku tatu bila kuviosha.

Agosti yote hakubisha hodi mtu. Si kwa ubaya. Kila nyumba ilibanana na nyama yake kwenye friza yake, na mtu ana sababu gani ya kupita? Wakikutana dukani walimchekea, wakamuuliza hali. Lottie alimpungia mkono akiwa juu ya pikipiki, haraka, anawahi kitu. Kanayuq akaanza kuacha redio ya jikoni wazi hata akilala, asikie wengine wakiulizana nani ana petroli ya ziada.

Kabla hajaondoka, Marit aliomba aweke sanduku moja juu ya ule upara. Safari hii mzee hakukataa. Wakakaa wawili, yeye juu ya ndoo, bunduki mapajani kwa mazoea, ingawa dubu wa kumdhuru Marit hapo mlangoni angepaswa kwanza apite dukani na kanisani.

"Inakula?" akauliza.

"Hapana. Inatoa tu."

"Hewa ya zamani?"

"Nyingine labda ya miaka elfu nne, tano. Nitapeleka chupa maabara waseme."

Kanayuq akawaza jani lililolala miaka elfu tano, kimya, halimsumbui mtu, likimsubiri yeye aje na sepetu. Na ufagio.

"Haya," akasema. "Angalau kuna kitu kinapumua hapa nyumbani."

Marit hakucheka. Alikuwa ameinama anaandika tarakimu. Wiki iliyofuata ndege ikamchukua, yeye na masanduku yake, na ndoo ya kukalia akamwachia mzee.

Friza ya Kanayuq ilikuja na tishari la mizigo la mwisho, bahari ikiwa bado haijafungwa na barafu. Wendell aliisukuma ndani, wakaiweka ukutani pale ambapo kiti cha Mamie kilikuwa, hapakuwa na mahali pengine penye soketi. Akaichomeka. Ikaanza kunguruma.

"Chai?" akasema Kanayuq. Kikombe kilikuwa kimeshaoshwa, kiko mezani.

"Siku nyingine, mjomba. Nimeacha pikipiki inawaka."

Akatoka. Kanayuq akafunua kifuniko, akaweka fungu lake la maktak chini kabisa, pembeni. Likaonekana dogo kama mtoto kwenye ukumbi wa kanisa. Akafunika. Akakaa mezani, akanywa ile chai ya Wendell, akaisikiliza mashine ikinguruma mpaka ikanyamaza yenyewe.

Risiti ilikuwa bado mezani. Friza nyeupe, futi za ujazo kumi na tano, pamoja na usafiri wa tishari: dola elfu moja mia nne na sitini.